Kumngoja Mwenzako Bila Kupoteza Siku

KIPINDI CHA KAZI NA MAISHA
Nakala ya kusomwa katika vikundi vya wasikilizaji kambini

(Muziki wa kufungulia. Unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, popote ulipo, Kavumu, Bwagiriza, Musasa, Nyankanda, au Kinama ya Muyinga, nakusalimu. Na wewe ambaye redio yako imeishiwa betri, unayesoma maneno haya kwenye karatasi, karibu vilevile. Nafasi yako ipo.

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo limevunja vikundi vingi vya kazi, vya kushona, vya sabuni, vya kilimo, hata vya akiba. Utafanyaje ili kazi yako iende sawa, wakati kazi hiyo haiwezi kuanza mpaka mwenzako amalize ya kwake?

Unalijua lile neno: "Mimi niko tayari, nangoja yeye tu." Ukimwuliza yeye, naye anangoja mwingine. Ukifuata mpaka mwisho, unakuta watu watano wamekaa na mteja amekasirika.

Nalijua neno hilo kwa sababu nimelisema mwenyewe. Acha nikusimulie.

(Muziki mfupi.)

Kabla ya kuja kambini niliishi Bujumbura, katika mtaa wa Musaga, upande wa kusini wa jiji, kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa na ateliye ya ushonaji karibu na soko la Musaga: chumba kimoja, cherehani tatu, meza ya kukatia na meza ya pasi. Tulikuwa watu watano. Shangazi alipokea wateja na kwenda kununua kitambaa katika soko la Ruvumera, kule Buyenzi. Mzee mmoja alikata. Mimi na msichana mwenzangu tulishona. Na mama mmoja alitoboa matundu ya vifungo, akatia vifungo, akapiga pasi.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, wazazi wa barabara moja walijikusanya wakatuletea kazi kubwa: sare 40 za shule, za kaki, magauni ya wasichana na mashati na kaptula za wavulana. Walilipa nusu mbele. Sharti lao lilikuwa moja: nguo zitoke Jumamosi, kwa sababu Jumatatu shule zinafunguliwa.

Kitambaa kilichelewa siku mbili sokoni. Mzee wa kukata hakuambiwa, basi akachukua kazi nyingine ya siku hizo. Mimi na mwenzangu tukakaa siku hizo mbili tukipiga hadithi. Kitambaa kilipokuja na kukatwa, tulishona kwa haraka sana, na nguo zikaanza kujaa kwenye meza ya yule mama wa vifungo.

Jumanne jioni mama huyo akaniambia, "Mwanangu, nimepata msiba Uvira. Alhamisi nitavuka." Nikamjibu, "Pole sana mama, nenda salama." Halafu sikumwambia mtu yeyote. Nilidhani amekwisha kumwambia Shangazi. Yeye naye alidhani mimi nitamwambia, kwa sababu nalala nyumba moja naye.

Ijumaa tulikuwa na rundo la nguo zisizo na vifungo. Usiku umeme ukakatika. Tulitia vifungo kwa mkono, kwa mwanga wa simu, mpaka macho yakauma. Jumamosi mchana zilitoka sare 28. Watoto 12 walikwenda shuleni Jumatatu bila sare mpya.

Jumanne akaja mama wa mmoja wao. Hakupiga kelele. Alisema, "Binti yangu, mimi sikununua nguo peke yake. Nilinunua na siku." Shangazi akamrudishia pesa yake. Mwaka uliofuata wazazi wa barabara ile walikwenda kwa fundi mwingine. Kodi ya chumba ikatushinda, kisha ya nyumba, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizonileta kambini.

Sasa tazama vizuri, ndugu msikilizaji. Katika ateliye ile hapakuwa na mvivu. Shangazi alihangaika sokoni, mzee alikata vizuri, sisi tulishona usiku, na mama alikwenda kumzika mtu wake, jambo ambalo kila mmoja wetu angefanya. Kazi haikupotea mikononi mwetu. Ilipotea njiani, ikitoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, mahali ambapo hapakuwa na mlinzi.

Na sisi wakimbizi tunalipa bei kubwa zaidi kwa kosa la namna hiyo. Wengi wetu hatuna nyumba wala shamba la kuweka rehani. Mtu akitupa pesa mbele, dhamana yetu ni neno letu.

Basi tuyapitie mambo saba ambayo Shangazi alitufundisha baada ya hasara ile, na mengine niliyojifunza hapa kambini.

(Muziki mfupi.)

JAMBO LA KWANZA: JUA UNANGOJA NANI, NA NANI ANAKUNGOJA WEWE

Chukua karatasi. Andika kazi yenu kwa hatua, kutoka mwanzo hadi kwa mteja. Kwetu ilikuwa: pesa, kitambaa, kukata, kushona, vifungo, pasi, kukabidhi. Kando ya kila hatua andika mtu mmoja. Ukiandika "sisi sote", hakuna atakayeifanya.

Kisha tafuta mahali ulipo wewe. Aliye kabla yako, wewe unamtegemea. Aliye baada yako, yeye anakutegemea. Watu wengi wanamwangalia yule wa kabla tu, ili wamlaumu. Mwangalie na wa baada yako. Huenda sasa hivi yeye anasema, "Niko tayari, nangoja yeye tu," na huyo "yeye" ni wewe.

JAMBO LA PILI: AHADI IWE KAMILI

"Nitakuletea kesho" bado haijawa ahadi. Ahadi kamili ina mambo manne: kitu gani, kiasi gani, nani, na lini. "Nitakukabidhi mashati 10 yaliyokatwa, Alhamisi, kabla ya adhuhuri." Hiyo ni ahadi.

Katika saa tuwe waangalifu, kwa sababu sisi wa nchi hizi tunazo saa mbili mdomoni. Mmoja akisema "saa kumi" anahesabu kwa Kiswahili, yaani alasiri. Mwingine ametoka ofisini, anahesabu kwa Kifaransa, na saa kumi yake ni asubuhi, ile ambayo sisi tunaiita saa nne. Wote wawili watafika kwa wakati, na hawataonana! Sema "saa nne ya asubuhi" au "saa kumi ya alasiri", kisha mwombe mwenzako arudie kwa mdomo wake mlivyopatana. Akirudia, utajua kama amesikia ulichosema.

JAMBO LA TATU: WEKA SIKU YENU KABLA YA SIKU YA MTEJA

Mteja anataka Jumamosi? Nyinyi andikeni Alhamisi. Siku mbili hizo si za kupumzika. Ni za mvua, umeme kukatika, mtoto kuugua, sindano kuvunjika.

Na unapohesabu siku, hesabu zile za kweli. Hapa Burundi, Jumamosi asubuhi kuna kazi za pamoja za jumuiya, na maduka hufunguliwa baadaye, basi usiihesabu kama siku nzima. Anayetoka kambini kwenda kununua vifaa anahitaji kibali, basi siku za kungoja kibali ni sehemu ya kazi. Mafuta ya gari yakikosekana, njia ya nusu siku yaweza kula siku mbili.

JAMBO LA NNE: DAFTARI LA "NANGOJA"

Watu wengi wana orodha ya kazi zao. Wachache wana orodha ya kazi wanazozingoja kutoka kwa wengine. Hiyo ya pili ndiyo iliyotukosesha.

Baada ya hasara ile, Shangazi alinunua daftari la kurasa chache, akalifunga kwa uzi kwenye msumari mlangoni. Kila ukurasa ulikuwa na mistari minne. Nakusomea mfano:

Nangoja nini: kitambaa cha kaki, mita 20.
Kutoka kwa nani: Shangazi.
Ameahidi lini: Jumatatu jioni.
Nitauliza lini: Jumatatu asubuhi.

Mstari wa nne ndio wenye nguvu. Siku ya kuuliza iko kabla ya saa ya ahadi, haiko baada yake. Ukiuliza asubuhi na ukaambiwa kitambaa hakijapatikana, bado una siku ya kupanga upya na kumpelekea habari mzee wa kukata. Ukiuliza kesho yake, unachoweza kupanga ni lawama tu.

Usiyejua kuandika, chora. Mkasi, cherehani, kifungo, na alama za siku. Katika kikundi chetu cha sasa tuna mama asiyesoma, na yeye ndiye anayekumbuka daftari kuliko sote.

JAMBO LA TANO: UWE NA KAZI YA KUSUBIRIA

Zile siku mbili za hadithi, mimi na mwenzangu tungeweza kufanya nini? Nimezifikiria mara nyingi. Tungeweza kupaka mashine mafuta. Kupima watoto ambao vipimo vyao vilikuwa havijaandikwa. Kuhesabu vifungo na kugundua mapema kama vinatosha. Na zaidi ya yote, kujifunza kutoboa matundu ya vifungo kutoka kwa yule mama, alipokuwa bado hana rundo mbele yake.

Andika mwisho wa daftari lako kazi tano ndogo ambazo hazimngoji mtu yeyote. Siku ukikwama, fungua ukurasa huo. Usiketi ukahesabu magari yanayopita.

JAMBO LA SITA: JUA KUULIZA

Sikiliza maneno haya mawili.

SAUTI YA KWANZA: Yaani bado tu? Wewe kila siku ni hivyo hivyo!

SAUTI YA PILI: Yaya, habari ya kazi? Tulisema Alhamisi mashati 10. Umefikisha mangapi? Kuna kitu kimekukwamisha ambacho naweza kusaidia?

MTANGAZAJI: Wa kwanza atajibiwa kwa hasira, au kwa uongo: "Yamebaki kidogo tu." Wa pili atapata ukweli, kwa sababu ameuliza hesabu na hakumgusa mtu utu wake. "Umefikisha mangapi?" lina jibu la namba. "Bado tu?" halina jibu, lina aibu tu.

Na kama anayekuchelewesha ni mkubwa wako, mzee au mama, hatuwezi kumwambia mbele za watu kwamba amechelewa. Mfuate peke yake, msalimu kama inavyopasa, kisha mweleze shida yako mwenyewe: "Mzee, naomba ushauri. Mteja wangu anakuja Jumamosi, na mimi nikipata nguo Alhamisi nitamaliza. Nikipata Ijumaa nitamwambia nini?" Heshima imebaki mahali pake, na siku imetajwa.

JAMBO LA SABA: HABARI MBAYA IENDE MAPEMA

Hapa nazungumza juu ya kosa langu. Jumanne jioni nilikuwa na habari ambayo ingeokoa sare 12. Tulikuwa na siku nne. Kama ningesema usiku ule ule nyumbani, Jumatano yule mama angetufundisha matundu, au Shangazi angetafuta mtu wa kumshika mkono, au angewaendea wazazi na kuomba, "Tutatoa magauni kwanza." Nilinyamaza kwa sababu niliona si kazi yangu kusema.

Mwenzako akikuambia kwamba hatakuwepo, mwulize hapo hapo: "Umemwambia nani mwingine? Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" Maneno mafupi kama hayo yanatosha. Na ukiona wewe mwenyewe utachelewa, usingoje siku ifike. Anayesema mapema anaomba msaada. Anayesema siku yenyewe anaomba msamaha.

(Muziki mfupi.)

Ndugu msikilizaji, huenda unasema, "Haya ni ya washonaji." Nikupe mfano kutoka mahali ambapo kutosemezana kunaua mtu: chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa orodha ya mambo 19 ambayo madaktari na wauguzi wanaulizana kwa sauti, kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani. London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara ya Tanzania ilikuwemo. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa kama 15. Baada ya orodha, kama 8.

Madaktari wale walikuwa wanajua kazi yao tangu zamani. Na unajua moja ya mambo yaliyomo katika orodha ile? Kila mtu chumbani ajitaje jina na kazi yake. Jambo dogo kama hilo! Lakini mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake haoni haya tena kusema, "Ngojeni kidogo, kuna kitu hakiko sawa."

Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa dakika tano kila asubuhi, wote tumesimama. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Leo nafanya nini? Nangoja nini, kutoka kwa nani? Kuna kitu kitakachonikosesha siku hizi? Swali la tatu, kama lingeulizwa Musaga Jumatano ile asubuhi, msiba wa Uvira ungejulikana na wote.

Limebaki jambo moja la hesabu. Wakati mwingine anayechelewa hana kosa, ila hatua yake ndiyo nyembamba, kama shingo ya chupa. Tuseme washonaji wanatoa mashati 16 kwa siku, na wa vifungo anaweza 10. Kila siku mashati 6 yanabaki mezani. Baada ya siku 5 ni mashati 30. Ukiwaambia washonaji waongeze mbio, unaongeza rundo tu, na yule mama mtamwita mzembe bure. Dawa ni kumpunguza mtu mmoja kwenye cherehani, akae kwenye vifungo. Kila kikundi kitafute shingo ya chupa yake, na kila hatua ijulikane na watu wawili, si mmoja.

Wale wa vikundi vya akiba wanaelewa. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Huo ni ulinzi mzuri, lakini mmoja akisafiri kimya kimya, siku ya mkutano pesa zipo na hazigusiki, na mwenye mtoto mgonjwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Basi mwenye ufunguo akitaka kusafiri, aukabidhi mbele ya mkutano, kwa mwanachama ambaye hana ufunguo mwingine. Hapo ulinzi unabaki na kazi inaendelea.

Wakulima wa Burundi wana desturi wanayoiita ikibiri: majirani wanalima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, kwa zamu. Inaendelea kwa sababu kila mtu anaijua zamu yake na ya jirani yake. Asiyefika kwa wenzake anajua siku yake watu watakuwa wachache.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Moja: Katika kazi yenu, shingo ya chupa iko wapi?

Mbili: Ni hatua gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Nani atajifunza, na lini?

Tatu: Mara ya mwisho mlipomkosea mteja siku, nani alijua mapema? Kwa nini hakusema?

Swali la tatu ni gumu, na mwenye kujibu asichekwe. Mimi nimelijibu mbele yenu nyote leo.

Yule mama wa vifungo aliporudi kutoka Uvira alikuta daftari limening'inia mlangoni. Alilisoma kimya, akaomba kalamu, akaandika juu kabisa: siku ya arobaini ya marehemu wake, ili tujue hatakuwepo. Siku hiyo ilipofika, mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ya vifungo, na kila nguo ilitoka kwa siku yake.

Ndugu msikilizaji, nakutakia kazi njema, wewe na wale unaowangoja, na wale wanaokungoja. Kwaheri.

(Muziki wa kufungia. Unapanda mpaka mwisho.)